Pikipiki ya Obedi Katika Bahasha Arobaini na Moja

Jumatatu, 8 Septemba

Likizo imeanza. Siku kumi na nne, kwa maandishi, zimegongwa muhuri. Masjala itajiendesha bila mimi, yaani itaanguka. Vizuri. Wajifunze.

Leo nimeshusha injini ya pikipiki.

Niandike kwa mpangilio, maana shajara isiyo na mpangilio ni umbea. Pikipiki ni ya mdogo wangu Obedi. Marehemu Obedi. Alikuja nayo hapa kwangu Kikuyu, Dodoma, mwezi wa sita akiwa mgonjwa, akaiegesha uani chini ya bati, hakuipanda tena. Siku yake ya mwisho alinishika mkono akasema: kaka, pikipiki irudi Mvumi. Yaani kwa mkewe, Angelina. Nikamjibu itarudi. Sikudanganya. Hakusema irudi nzima.

Jumamosi ukoo unakaa Mvumi kugawa vitu vya marehemu. Angelina ameomba kitu kimoja tu: pikipiki. Anataka kuiendesha mwenyewe, aendeleze kazi ya mumewe ya kuwakimbiza wajawazito hospitali kutoka vijiji vya ndani. Hana riziki nyingine. Maneno mazuri, hata mimi yalinigusa. Lakini mimi nakwenda kazini kwa miguu, kwenye vumbi, nikipitwa na vijana wasiojua kuandika hata dokezo la mistari mitatu. Haki iko wapi?

Njia ipo. Ukoo wetu una kanuni iliyozaliwa siku babu zetu walipotandikana fimbo kwa ajili ya jembe la ng'ombe lililovunjika: kizima hugawiwa, kibovu hulala kilipolala. Yaani kitu kibovu hakigawiwi, hubaki kwa yule aliyenacho. Nimempigia baba mkubwa Yoramu, mwenyekiti wa ukoo, nikamtaarifu kwamba naifanyia pikipiki matengenezo makubwa, kwa mikono yangu, nyumbani. Ameniombea baraka! Jumamosi nitaingia kikaoni na mabeseni ya vyuma. Watatikisa vichwa, watasema masikini Sila amejitahidi. Kitalala kilipolala. Wiki ijayo naifunga upya, inanguruma, naenda nayo kazini.

Fundi simtaki. Fundi ni mtu anayefungua kitu chako ukiwepo na kukifunga usipokuwepo. Nimesoma vitabu vingi kuliko ukoo mzima ukijumlishwa. Injini ni nini? Ni jalada lenye kurasa za chuma. Nimeweka kila kiungo kwenye bahasha ya kaki na kukipa namba, PK/OB/01 hadi PK/OB/41. Plagi ni 07. Pistoni na ringi zake ni 12. Vikubwa viko kwenye mabeseni ya Yudith, mke wangu. Fremu, tanki na magurudumu viko uani. Namba 41 ni mita ya kilomita. Ina kioo, nimeiweka juu ya kabati pembeni ya redio. Inasoma 38,116.

Jordan, fundi wa pale kona, alichungulia ukutani akauliza kama nafungua injini au nafungua ofisi. Akasema: "Mzee wa Majalada, injini haina ukurasa wa yaliyomo." Sikumjibu. Mtu mwenye oili masikioni hajibiwi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekwenda mjini dukani kwa Firoz, muuza vipuri, kununua gasketi. Amenipokea kwa uso wa msiba. Nikauliza kulikoni. Akasema yeye na mimi tunajuana miaka ishirini, sasa imekuwaje nampita jana mchana bila salamu? Nikamwambia jana mchana nilikuwa sebuleni nimepiga magoti mbele ya kabureta. Akasema hapana, saa saba kamili nimepita mbele ya duka na pikipiki nyekundu, nimembeba mama mwenye kanga, nimepiga honi mara mbili, nimeangalia mbele kama mbunge.

Nikamwambia pikipiki nyekundu iko kwenye bahasha.

Akacheka hadi akaegemea kaunta. Akasema basi bahasha hizo zina mwendo.

Honi mara mbili. Obedi alikuwa akipiga honi mara mbili. Lakini na wengine hupiga mara mbili. Si hati miliki.

Niliporudi nimekuta Yudith anafagia sebule. Analalamika vumbi jekundu limeingia kwenye mabeseni, wakati madirisha yalifungwa. Nimemweleza kwamba vumbi la Dodoma halisomi sheria. Akasema hili si la hapa Kikuyu. Hili ni la Mvumi, analijua, ameolewa nalo.

Mita inasoma 38,200. Jana niliandika 38,116. Nimekosea kuandika? Mimi? Miaka ishirini na mbili masjala, sijawahi kukosea namba. Basi mita ni mbovu. Safi! Ubovu zaidi, ushahidi zaidi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata jibu. Kuna tapeli! Amepaka pikipiki yake rangi nyekundu, amenakili namba ya marehemu, na anafanya biashara kwa jina letu. Nchi hii imejaa nakala za kila kitu. Nimeandika barua kali ya kurasa tatu. Bado sijaamua ya kwenda kwa nani.

Saa sita na nusu nimesimama kona ya kwa Jordan na daftari, nimtege. Jua kali, upepo unavuma. Saa saba kamili nikasikia pikipiki inakuja kutoka upande wa nyumbani kwangu. Mlio naufahamu, una kikohozi kidogo ukibadilisha gia ya tatu. Nikainua kalamu. Mlio ukaja, ukafika, ukapita mbele ya pua yangu. Vumbi likainuka kama nguo. Shati langu likapeperuka. Honi mara mbili.

Sikuona kitu.

Lakini Jordan na wateja wake wote wawili waliinua mikono wakapunga! Nikamuuliza umempungia nani. Akanitazama juu hadi chini. Akasema: "Si wewe hapo umepita?" Halafu akatazama barabarani, akanitazama tena, akaweka spana chini taratibu. Akasema leo anafunga mapema. Hajawahi kufunga mapema. Nilifurahi, maana nilijua ni aibu ya kunifananisha na tapeli.

Nyumbani nimefungua bahasha 07. Plagi ilikuwa ya moto, imeniunguza kidole. Bahasha imekuwa kahawia upande mmoja, kama ngozi ya mkate. Nimetafuta sababu. Kabati liko karibu na dirisha, jua linapiga. Ni mambo ya sayansi tu. Dirisha hilo linatazama kusini, lakini sayansi haijamaliza kazi yake.

Mita: 38,284. Nimetoa. Themanini na nne, tena. Kutoka hapa hadi Mvumi ni kilomita arobaini na mbili. Nimeandika hesabu hiyo pembeni kwa penseli, halafu nimeifuta.

Alhamisi, 11 Septemba

Hodi asubuhi. Bibi mmoja kutoka vijiji vya kule Mvumi, na jogoo kwapani. Nilimpa shikamoo, akakataa kuitikia. Akasema leo yeye ndiye wa kuniamkia mimi. Akapiga goti! Nikamwinua. Akasema binti yake Anitha alishikwa na uchungu jana mchana, hakuna gari, hakuna mtu, nikatokea mimi na pikipiki, nikampakia bila kuuliza nauli. Amejifungua salama. Mtoto wa kiume.

Nilitaka kusema ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini jogoo alikuwa mkubwa.

Nikasema ni wajibu wetu, mama.

Akasema Anitha ameniomba radhi, maana njiani alinishika kiunoni kwa nguvu. Ila alishangaa: mgongo wangu ulikuwa wa baridi kama mtungi. Na sikusema neno hadi hospitali. Akafikiri nimemkasirikia. Bibi akanisogelea, akanitazama machoni kwa muda mrefu. Akasema tunafanana sana na yule marehemu. Nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyefanana na mimi, mimi ndiye mkubwa. Akaondoka bila kuaga. Alipofika kwenye geti alianza kutembea haraka, kwa umri ule!

Yudith amekataa kumla jogoo. Amepika mlenda wake pembeni. Amesema: "Baba Gladness, umekula ahsante ya mtu mwingine." Nikamuuliza ya nani, maana mwenye nayo ajitokeze. Amegeuza uso kutazama uani, kwenye fremu. Magurudumu nilikuwa nimeyalaza chini Jumatatu. Sasa yalikuwa yamesimama, yameegemea fremu, moja mbele, moja nyuma. Kila moja mahali pake.

Ni upepo. Nimeyalaza tena, nikayawekea matofali.

Jogoo alikuwa mgumu. 38,368.

Ijumaa, 12 Septemba

Kesho ni kikao. Sitaki mchezo leo. Nimezihesabu bahasha: arobaini, bila mita. Nimezibandika gundi zote, nimezifunga kwa kamba ya majalada, nimezitia kwenye sanduku la bati la shule la Gladness, binti yetu, nikapiga kufuli. Vya kwenye mabeseni pia humo humo. Mita nimeitia mfuko wa shati. Saa saba kasorobo nimekalia sanduku. Asitokee mtu kuniambia kuna kiungo kimetoka bila kusainiwa. Katika masjala yangu jalada halitoki hivi hivi!

Saa saba kamili sanduku likaanza kutetemeka. Kidogo, kama mtu anayejizuia kucheka. Halafu likapata moto. Harufu ya petroli, wakati tanki liko uani na halina hata tone, nililimwaga mwenyewe. Chini yangu injini ikakohoa mara moja, ikashika. Ikanguruma taratibu, bila kuongezwa mafuta. Nikakaa. Meno yakagongana, nikakaa. Mfukoni mita ikawa inagonga, tik, tik, tik, upande wa kushoto, ikiupita moyo wangu na kuusubiri, ikiupita na kuusubiri.

Yudith aliingia, akasimama mlangoni na mwiko. Nikampa ishara kwamba hali iko chini ya udhibiti. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo hajawahi kuitumia kwangu: "Shemeji Obedi, tusamehe." Alikuwa anasema na sanduku! Kisha akaniambia mimi niirudishe pikipiki kwa Angelina, leo hii, kabla ya kikao. Nimemjibu kwamba serikali haiendeshwi kwa woga, wala nyumba.

Baada ya saa moja na nusu ikanyamaza. Sikuinuka mpaka bati lilipopoa. Suruali imeungua nyuma, alama mbili za duara. Lakini kufuli ni zima, gundi ni nzima, kamba haijaguswa. Nimeshinda! Hakuna kilichotoka.

38,452. Sioni umuhimu wa namba hizi tena.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimerudi. Naandika haraka, kwa mpangilio.

Asubuhi nilikodi pikapu. Tulipakia sanduku, fremu, tanki, magurudumu, tukafunika turubai, tukafunga kamba pande nne. Dereva akasema kwa chuma hiki mbona mzigo mwepesi. Nikamwambia ni nguvu zangu. Njiani hakukuwa na jambo, isipokuwa dereva alikuwa akisogea pembeni kila mara kumpisha mtu aliye nyuma yetu. Nilipogeuka sikuona mtu. Tulipokaribia Mvumi akasema huyo jamaa mwenye nyekundu ametupita hatimaye.

Ukoo wote ulikuwa umekaa uwanjani, kwenye viti na mikeka. Nikasalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, wakaitikia. Sura nilikuwa nimeiandaa tangu Jumatatu: huzuni ya mtu aliyejaribu. Nikaanza hotuba. Nikasema ndugu zangu, chuma ni kama mwanadamu, kuna siku hakirudi. Baba mkubwa Yoramu akaniuliza nasema chuma kipi. Nikasema pikipiki. Akanyoosha fimbo yake ukutani.

Ilikuwa imeegeshwa pale kwenye kivuli cha nyumba. Nyekundu. Nzima. Imefunikwa vumbi mpaka kwenye spoki, na injini inalia ti, ti, ti, kama inavyolia ikipoa.

Nikakimbilia kwenye pikapu. Kamba zilikuwa zimefungwa kama nilivyozifunga. Turubai lilikuwa limelala bapa kulizunguka sanduku, kama shuka ya mtu aliyeamka mapema. Nikafungua kufuli. Bahasha zote zilikuwepo. Gundi nzima. Nikachana 07, nikachana 12, nikachana zote. Hewa. Ndani ya kila moja punje chache za mchanga mwekundu.

Yoramu amesema mbele ya wote kwamba walikuwa wananidhania vibaya. Amesema waliposikia Sila anafungua injini mwenyewe, walijua tayari chuma chakavu. Kumbe nimeifunga vizuri kuliko ilivyokuwa, na nikaituma itangulie asubuhi mapema! Wakauliza niliyemtuma ni nani, mbona aliegesha akaondoka bila kula. Nifanyeje? Niseme niliivunja kwa makusudi? Nikasema ni kijana mmoja mwenye haraka. Wakapiga makofi. Nimepewa ini la mbuzi, kipande cha kwanza. Nimekula.

Yoramu akaona tundu kwenye usukani, pale pa mita, na waya wake unaning'inia. Akauliza mita iko wapi. Ilikuwa mfukoni mwangu, inagonga. Nikasema iliharibika, nilitupa. Akasema si neno, kinachotembea ni kizima. Akampa Angelina funguo.

Angelina alienda taratibu. Akaweka kiganja kwenye kiti, akakiondoa haraka, akakirudisha. Akasimama hivyo kwa muda mrefu, amefumba macho, kana kwamba anashikana mkono na mtu. Kisha akanigeukia. Akasema: "Ahsante, shemeji. Aliniambia utairudisha." Sikuuliza aliambiwa lini.

Mita: 38,494. Arobaini na mbili tu leo. Imekwenda, haikurudi.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimefikiri, na nimeona walipokosea.

Nani amesema kinachotembea ni kizima? Hiyo si kanuni, hayo ni maoni ya Yoramu. Jembe la babu zetu lilikuwa linalima na bado liliitwa bovu, kwa kuwa lilikosa mpini mmoja. Hiyo pikipiki imekosa mita. Nimeandika dokezo la kurasa nne, lenye vifungu, kumwomba mwenyekiti atengue uamuzi. Aya ya sita ni kali sana. Pikipiki ilikuwa mbovu wakati wa kugawiwa, kwa hiyo haikugawiwa, kwa hiyo inapaswa kulala ilipokuwa imelala. Kwangu! Ilimradi mita isionekane. Nimeitia ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu.

Saa sita na dakika arobaini Angelina amepiga simu. Sauti yake ilikuwa tulivu. Amesema pikipiki imetoka. Alikuwa anapepeta uwele, akasikia inawaka, alipoinua macho imeshafika barabarani. Hana wasiwasi. Amesema: "Nadhani kuna kitu chake kimebaki kwako, shemeji. Mpe tu. Akishapewa atapumzika, na mimi kesho nianze kazi."

Nikamwambia hakuna kilichobaki. Nikakata.

Kiatu kikaanza kugonga sakafu. Tik, tik. Nimetoa mita. Namba zinazunguka mbele ya macho yangu. 38,509. Yudith amerudi kutoka kanisani, ameniona, ameketi bila kuvua kitambaa. 38,521. Amesema Baba Gladness, hiyo si yako. Nimemwambia asome aya ya sita. 38,530. Nje upepo umekatika. Kuku wote wameingia chini ya kitanda cha sebuleni, mmoja mmoja, kwa adabu, kama waombolezaji.

38,535. Nasikia ule mlio, gia ya tatu, kikohozi.

38,536. Mita imesimama.

Honi mara mbili.

Yudith ameinuka kufungua geti. Nimesikia akisema karibu. Halafu akaniita, kwa sauti ile ndogo, niende na kile nilichoshika, ananisihi, mgeni hatashuka.

Nimechungulia dirishani. Imesimama uani, chini ya bati, palepale alipoiegesha mwezi wa sita. Kwenye usukani lile tundu linanitazama kama jicho lililotolewa. Kiti kimebonyea katikati.

Sasa nifikiri kwa utulivu. Mimi sikuifuata. Imekuja yenyewe. Haina mita, ni mbovu, hata mwenyekiti ataliona hilo. Na imelala kwangu.

Nimerudisha mita kwenye soksi. Nimechukua spana namba kumi na nne. Bahasha zilizochanika nitazibandika, namba zake bado zinasomeka.